Hesabu ya Asiyerudi

Taarifa ya robo mwaka ya mtaa ina vichwa visivyobadilika: ulinzi na usalama, usafi wa mazingira, elimu, afya, mapato, majengo, mengineyo. Nilipokuwa afisa mtendaji wa mtaa mmoja hapa Kariakoo niliiandika mpaka nikaikariri. Kwenye afya tuliweka kipindupindu, chanjo za watoto, vyandarua na vyoo vya mama lishe. Mgonjwa wa akili hakuwa huko. Yeye alikaa ukurasa wa kwanza, kwenye ulinzi na usalama, katikati ya wizi wa simu na ugomvi wa wapangaji: mwanamume mmoja anayesadikiwa kuwa na matatizo ya akili amerusha mawe Mtaa wa Kongo, amedhibitiwa na polisi jamii, amefikishwa kituoni. Basi. Robo iliyofuata alikuwapo mwanamume mwingine, au pengine ni yuleyule. Taarifa haikuwa na njia ya kujua, na hakuna aliyeuliza.

Nimeshastaafu, na kazi ile iliniachia somo moja ninalolishika hadi leo. Unapochagua kichwa cha kumwandikia mtu, umeshachagua nani wa kuulizwa habari zake. Ukimwandika kwenye usalama, ataulizwa mkuu wa kituo cha polisi. Ukimwandika kwenye usafi, litakuja gari kumzoa. Ukimwandika kwenye afya, mganga mkuu atasimama mbele ya madiwani na kueleza dawa zilikuwapo au hazikuwapo. Mtu ni yuleyule na mawe ni yaleyale, ila mlango unaogongwa ni mwingine kabisa.

Niliingia kazini muda mfupi baada ya Tume ya Jiji, iliyoongozwa na Charles Keenja, kumaliza kazi yake mwaka 2000 na jiji kugawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kariakoo ilikuwa Ilala, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Miaka ile nyumba za Kiswahili zilikuwa zikivunjwa moja baada ya nyingine, ghorofa zikipanda, fremu za maduka zikigombewa. Wenyeji waliuza, wakahamia Tabata, Gongo la Mboto na Mbagala. Mchana mtaa wangu ulifurika wamachinga, wapiga debe, wabeba mizigo na wanunuzi kutoka Lubumbashi hadi Lilongwe. Usiku walibaki walinzi, wapangaji wachache, na waliolala vibarazani.

Taarifa zetu zilihesabu wakazi, na hapo ndipo kazi ilipoharibikia. Wagonjwa wengi niliowaona kila siku hawakuwa wakazi. Mama zao walikuwa Mbagala, wao walikuwa Kariakoo kwa sababu ndiko kuliko na masalia ya chakula, mzigo wa kubeba kwa ujira wa papo kwa papo, na umati usiomhoji mtu anaongea na nani. Kwenye karatasi, Mbagala ni Temeke. Sisi tulisema huyu si wetu. Mtendaji wa kule alisema huyu huku haonekani. Wote tulisema kweli, na kweli zetu mbili zikimwacha mtu katikati.

Mmoja wao wabeba mizigo walimwita Kuli, kwa kuwa kabla ya kuumwa aliwahi kufanya kibarua bandarini. Nami nitamwita hivyo. Alikuwa mtu wa miraba minne, anayeweza kupandisha robota la mitumba ghorofani bila kupumzika ngazini. Siku mbaya alisimama katikati ya barabara akiyaelekeza magari, na siku mbaya zaidi aliyarushia mawe. Alikwisha kuingia kwenye taarifa zangu, bila jina, kwenye ulinzi na usalama.

Siku moja mama yake alikuja ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, wewe ndiye mtendaji?"

"Ndiye, mama. Karibu."

"Kijana wangu yuko huku kwenu. Nimeambiwa analala nyuma ya soko la Shimoni. Kadi yake hii hapa."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa hadi kuchanika mikunjoni. Ilionyesha tarehe za sindano ya kila mwezi, zimepangika vizuri, kisha zikakatika. Nilimuuliza nini kilitokea.

"Alikwenda wakamwambia dawa hakuna, anunue nje. Duka la dawa wakamtajia bei. Mwezi wa pili yake hakwenda, angekwenda kufanya nini? Na sindano yenyewe ilimkakamaza shingo. Mtu wa kubeba mzigo, shingo ikikakamaa, atakula nini?"

Katika maneno yale machache mama alikuwa amenipa taarifa kamili ya huduma ya afya ya akili kuliko yoyote niliyowahi kuisoma. Alitaja upungufu wa dawa, gharama ambayo haikupaswa kuwapo, madhara ya dawa ambayo hakuna aliyeyauliza, na namna ugonjwa unavyoshikana na riziki. Tena alikuwa na tarehe. Kilichokosekana ni mahali pa kuipeleka taarifa hiyo.

Nilikwenda na kadi ile kwenye kituo kilichokuwa kikimhudumia, cha umma, nje ya kata yangu. Muuguzi wa afya ya akili, ambaye kila mtu alimwita Sista, alinipokea bila kinyongo. Alinifungulia kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, kitabu kile kirefu ambacho kila kituo cha afya nchini kinacho. Kila anayekuja anaandikwa: umri, jinsi, anakotoka, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi mistari inajumlishwa, jumla inakwenda kwa mganga mkuu wa halmashauri, kutoka huko wizarani. Siku hizi inaingia kwenye kompyuta, maana mfumo wa kielektroniki ulisambaa nchi nzima kufikia mwaka 2013, lakini swali linaloulizwa ni lilelile: wangapi walikuja?

"Walikuja wangapi mwezi ule ninaweza kukuambia sasa hivi, Mtendaji," alisema Sista. "Nani hakuja, kitabu hiki hakijawahi kuniuliza."

Ndipo nilipoona kwamba Kuli alikuwa na karatasi tatu. Kliniki ilimjua kama hudhurio. Polisi walimjua kama tukio. Mtaa ulimjua kama kero. Hakuna karatasi iliyoijua nyingine, na siku aliyoacha sindano, ambayo ndiyo siku yote mengine yalipoanzia, haikuandikwa popote isipokuwa kwenye pindo la kanga ya mama yake.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa magonjwa mengi msemo huu hauna madhara makubwa: mwenye malaria asiporudi, mara nyingi amepona. Kwa maradhi makali ya akili ni kinyume. Anayekuja kila mwezi ana nafuu ya kutosha kukumbuka tarehe, kupanda daladala na kukaa kwenye foleni. Ambaye hali yake imeharibika ndiye haji. Kwa hiyo taarifa inayohesabu mahudhurio hupungukiwa hasa na wale ambao huduma iliwekwa kwa ajili yao. Kliniki inaweza kuonyesha jumla ileile mwezi baada ya mwezi huku nusu ya watu wake wamebadilika, wapya wakijaza nafasi za waliopotelea mitaani, na diwani akapiga makofi.

Sidai kwamba nchi hii haikuwahi kufikiria jambo hili. Historia ya matibabu ya akili kwetu ilianza kwa kuwaweka watu mbali. Lutindi, kwenye milima ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali pale pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na kwa vizazi vingi jina lake lilitosha kumtishia mtoto mtundu. Baada ya uhuru mawazo yaligeuka. Vijiji vya marekebisho vilifunguliwa, kikiwamo Vikuruti nje ya Dar es Salaam, ambako wagonjwa wa Muhimbili walilima. Mwaka 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ulianza mpango wa taifa uliofanyiwa majaribio Morogoro na Kilimanjaro: wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kumtambua mgonjwa wa akili na wa kifafa na kumtibu karibu na kwao. Wazo lilikuwa zuri, na msaada wa nje ulipokwisha likadhoofika, kwa sababu halmashauri hazikuwa zimelifanya deni lao wenyewe.

Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni. Sera ya uchangiaji wa gharama za matibabu, iliyoanza mwaka 1993, nayo iliwaweka wagonjwa wa akili miongoni mwa wanaosamehewa malipo. Kila halmashauri ina mratibu wa afya ya akili chini ya mganga mkuu, na mpango kabambe wa afya wa halmashauri unapaswa kuigusa huduma hiyo kila mwaka. Kwenye maandishi mnyororo umekamilika. Ila iko minyororo miwili. Mmoja ni wa kitabibu: kituo, mganga mkuu, mkoa, wizara. Mwingine ni wa kiutawala: mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kamati ya halmashauri inayosimamia afya, baraza la madiwani, TAMISEMI. Mwenye habari za kadi yuko kwenye mnyororo wa kwanza. Mwenye habari za kibarazani yuko kwenye wa pili. Kuli aliangukia katikati ya minyororo hiyo miwili.

Jibu sikulipata kwenye chumba cha Sista. Nililipata mlango wa pili, kwenye korido ileile, palipoandikwa Kifua Kikuu na Ukoma.

Mratibu wa kule alikuwa mtu wa maneno mengi na daftari kubwa. Alinionyesha jinsi anavyoandika: kila mgonjwa aliyeanza dawa katika robo husika ana mstari wake, na mstari huo haufungwi mpaka ujazwe mwisho wake. Amepona. Amemaliza dawa. Ameshindikana. Amefariki. Amehamia kwingine. Ametoroka. Mstari mtupu hauruhusiwi, kwa hiyo robo ikikaribia kufungwa anaanza kuwasaka wale ambao hajui waliko, kwa simu, kwa mjumbe, kwa miguu.

"Mimi sihukumiwi kwa wangapi walikuja," aliniambia. "Nahukumiwa kwa wangapi wamepotea."

Baadaye nilijifunza kwamba utaratibu ule ulikomaa hapahapa kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, na daktari Mcheki Karel Styblo akaujenga mfumo wa hesabu ambamo kundi lote lililoanza matibabu katika robo moja hufuatwa hadi mwisho na kutolewa taarifa kama kundi. Matokeo ya Tanzania ndiyo yaliyoishawishi dunia. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza kwa jina la DOTS. Wilaya masikini za Tanzania ziliifundisha dunia kumhesabu asiyerudi, nasi tukaiacha hesabu hiyo ndani ya chumba kimoja cha korido.

Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kuelezwa jambo hili na Mcheki. Mwenye duka la jumla anayetoa mali kauli haangalii watu wangapi wamepita dukani kwake leo. Anafungua daftari: nani kachukua, lini, nani hajarudi, nani anamjua anakokaa. Akipita mteja mwenye deni kuukuu upande wa pili wa Mtaa wa Msimbazi, anamwita kwa jina. Biashara nzima ya soko hili imesimama juu ya kumfuatilia asiyekuwepo.

Suala hilo la kumhesabu asiyerudi nililipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata. Niseme wazi kwamba halikupokewa kwa shangwe. Ajenda ilikuwa maji taka, ushuru, na magari ya mizigo yanayoziba njia. Lakini Mheshimiwa Diwani alikuwa na ndugu aliyewahi kulazwa Mirembe, akasikiliza. Mwenyekiti wa mtaa mmoja, mzee mwenye nia njema, akatoa pendekezo papo hapo: kila ofisi ya mtaa iwe na daftari la vichaa wake.

Sista, aliyekuwa amealikwa, aliomba nafasi. "Mwenyekiti, kwa heshima zote. Ukiweka majina yale ofisini, kesho mwenye nyumba ameyasoma, kesho kutwa mpangaji ametolewa vitu nje. Mke atasikia kwa mama lishe habari ambazo mume hajamwambia. Na yule aliyekuwa ameanza kuja kwangu hatakuja tena."

Kikao kilinyamaza. Alikuwa amesema jambo ambalo wapenda takwimu huwa tunalisahau: kumhesabu mtu na kumwanika ni vitu vinavyokaa jirani sana. Kariakoo, ambako chumba kina bei na siri haina, jina likitoka kliniki halirudi. Tukakubaliana majina yabaki kliniki, chini ya kufuli, na kwa viongozi zije namba tupu: walioandikishwa wangapi, waliokosa tarehe wangapi, waliotafutwa wangapi, waliopatikana wangapi, na siku ambazo dawa ilikosekana. Mtaa ungetumika pale tu ambapo mgonjwa mwenyewe, siku ana nafuu, alikuwa amemtaja mtu wa kutafutwa kupitia kwake. Wengi, ajabu, hawakumtaja ndugu. Walimtaja mama lishe, mlinzi wa usiku, fundi viatu.

Kuna namba moja ambayo hata kwa utaratibu ule hatukuipata. Kijana wa duka la vitambaa alijaribu kujiua, akaokolewa. Baba yake alinifuata ofisini usiku, akafunga mlango. "Mtendaji, nakuomba, hili usiliandike." Nilimwelewa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kuliandika tukio lile kwenye taarifa ya mtaa kungekuwa kumripoti mgonjwa kwa polisi. Kwa hiyo taarifa za robo, kata baada ya kata, zitaendelea kuonyesha kwamba watu hawajaribu kujiua, na mpanga bajeti atazisoma na kuamini. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha katiba yao. Kwetu bado kipo, na maadamu kipo, usimamizi wa viongozi utakuwa na shimo mahali pale ambapo hatari ni kubwa kuliko zote.

Mambo yalibadilika kidogo. Kliniki ilianza orodha ya waliokosa tarehe, na mhudumu mmoja akapewa muda wa simu. Diwani alizoea kuuliza swali la dawa kwa ukali uleule aliouulizia ushuru wa maegesho. Hapo ndipo tulipogundua kitu kingine: dawa zilizokuwa zikifuatiliwa kila mwezi na kutolewa taarifa kwa viongozi zilikuwa za malaria, za kuhara, za minyoo, za wazazi. Kituo kikiwa nazo, taarifa ilisema hali ya upatikanaji wa dawa ni nzuri, na ilikuwa kweli, huku kabati la Sista likiwa tupu.

Kuli alipatikana. Mama yake na Sista walimfuata pamoja, asubuhi, kabla soko halijachangamka. Walimpunguzia kipimo, wakamwongezea vidonge vya kulegeza shingo, akarudi Mbagala. Baadaye akakosa tarehe tena, akatafutwa tena, akarudi. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Tofauti ni kwamba sasa kukosa kwake kulikuwa habari, na habari hiyo ilikuwa na mtu wa kuishughulikia kabla ya mawe.

Halafu ukaja uchaguzi, diwani akabadilika. Sista akahamishwa. Mhudumu wa simu akarudishwa dirisha la dawa kwa uhaba wa watumishi. Hakuna aliyefanya ubaya wowote. Utaratibu wetu ulikuwa umesimama juu ya watu, haukuwa umeingia kwenye fomu, nao ukaondoka na watu wake, vilevile kama mpango wa Morogoro na Kilimanjaro ulivyoondoka na msaada wake. Fomu ina sifa moja ambayo wema hauna: aliyeikuta anaijaza hata kama hajui iliwekwa kwa nini.

Wakati huohuo amri za kuusafisha mji hazikukosa. Ugeni mkubwa ukija, ombaomba na wenye maradhi ya akili waliondolewa barabarani, na taarifa ikaandikwa kwamba mitaa iko shwari. Sikuwahi kuona taarifa iliyosema walipelekwa wapi, wangapi kati yao walikuwa na kadi za kliniki, na wangapi walikosa sindano kwa sababu ya operesheni yenyewe. Shughuli ya namna hiyo inasomeka kama mafanikio kwa sababu tu inahesabu walioondolewa.

Anayesema hesabu ya asiyerudi haiwezekani mjini atazame huduma ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, kisha Temeke. Dawa inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo kabla jua halijawa kali inajulikana nani hajaonekana, na wapo watu wa mashirika ya kijamii, baadhi yao waraibu wa zamani, wanaojua wamtafute kijiwe gani. Watu hao hao ambao mtaa uliwaita mateja na kuwaandika kwenye usalama wakawa wagonjwa wenye majina, tarehe na watu wa kuwaulizia. Jiji ni hilihili, uhaba wa watumishi ni huuhuu.

Zana za kufanya hivyo kwa maradhi ya akili nazo ziko karibu kuliko zamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wananchi ndani yake, ina sauti juu ya matumizi. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, badala ya kumwambia mgonjwa akanunue nje. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na zaidi ya watu 137,000 nchi nzima. Mhudumu kama huyo, anayeijua Gerezani au Jangwani nyumba kwa nyumba, ndiye wa kutumwa kumwangalia aliyekosa tarehe, endapo kliniki itakuwa na orodha ya kumpa. Bila orodha atapita nyumba za waliopo.

Sensa ya 2022 iliikuta wilaya ya Ilala na watu 1,649,912, na hao ni waliolala humo. Kariakoo ya mchana haimo kwenye hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo halmashauri za Dar es Salaam zinahitaji jambo moja zaidi ambalo mtaa peke yake hauwezi: waratibu wa afya ya akili wa Jiji, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni wakae meza moja kila robo, wakabidhiane waliohama kama wenzao wa kifua kikuu wanavyokabidhiana, ili "si wetu" lisiwe jibu halali tena.

Mengine yanaweza kuanza na maswali. Nimewahi kumwandikia diwani mmoja kijana karatasi yenye maswali matano: walioandikishwa kwenye kliniki ya akili robo hii ni wangapi; kati yao waliokosa tarehe ni wangapi; waliotafutwa na waliopatikana ni wangapi; sindano ya mwezi na dawa za kifafa zilikosekana siku ngapi; na wangapi walioingia kliniki waliletwa na polisi badala ya kuja wenyewe au na ndugu. Swali la mwisho ndilo kipimo cha yote, kwa kuwa huduma ikilegea, polisi ndio wanaoshika zamu. Hakuna swali kati ya hayo linalohitaji jina la mtu, sheria mpya wala fedha za mfadhili.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na taarifa za robo ya kwanza husomwa baada ya Septemba. Kanuni za kudumu za halmashauri zinampa diwani haki ya kuuliza na kujibiwa. Jibu la kwanza, nalijua, litakuwa kwamba takwimu hizo hazipo. Asiudhike, wala asimgombeze mganga mkuu. Aombe tu jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari kama lilivyotamkwa, maana kikao kijacho kitaanza na yatokanayo.